Motisha kwa Warina Asali: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mpango wa Zawadi Katika Vikundi vya Tabora

Kosa hili hujirudia msimu hadi msimu. Kikundi cha wafuga nyuki kinatangaza kwamba atakayeleta kilo nyingi kuliko wenzake atapewa baiskeli. Baiskeli inatolewa, picha zinapigwa, na wiki chache baadaye vifuniko vya ndoo zilizoko stoo vinaanza kufura, asali inatoa povu na harufu ya pombe, na mnunuzi aliyekuja kwa bei nzuri anaondoka na nusu ya mzigo kwa bei ya kutupa. Viongozi wanahitimisha kwamba wanachama hawana shukrani, na msimu unaofuata wanatafuta zawadi kubwa zaidi.

Wanachama hawakukosea. Waliambiwa kwamba kilo ndizo zinazoshinda, wakaleta kilo, zikiwemo za masega ambayo nyuki walikuwa bado hawajayafunga. Zawadi humwelekeza mtu kwenye kile kinachopimwa, si kwenye kile ambacho kiongozi alikuwa nacho moyoni alipokuwa akitangaza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi na vyama vya ushirika vinavyokusanya asali ya wanachama pamoja na kuiuza kwa mnunuzi mmoja au wawili, na hatua zake zifuatwe kwa mpangilio ulivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mipango inayoanguka huanguka kwa kuanzia hatua ya nne.

## Vitu vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kipima unyevu cha asali, kile kidogo cha kushika mkononi chenye kioo na tundu la kuchungulia. Chagua kinachojirekebisha kwa joto, na hakikisha kimekuja na kimiminika cha kukisawazishia.
- Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.
- Ndoo nyeupe za plastiki za daraja la chakula, zenye vifuniko vinavyobana. Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba takriban kilo 28 za asali.
- Daftari la mapokezi lenye kurasa zilizopigwa namba, na stakabadhi zenye nakala.
- Makubaliano ya maandishi na mnunuzi yanayotaja bei ya asali ya daraja la kwanza na bei ya asali ya kawaida.
- Fedha taslimu, au salio la simu la kikundi, ya kutosha kulipa nyongeza, yaani malipo ya ziada kwa asali bora, za angalau wiki mbili za mapokezi.
- Mpokeaji mmoja na msaidizi wake, ambao asali yao wenyewe itapimwa na mtu mwingine.

Kama makubaliano na mnunuzi hayapo, usiendelee. Kikundi kinachoahidi nyongeza ya ubora bila kuwa na mtu wa kununua ubora huo kinajiingiza kwenye deni.

## Hatua ya 1: Chagua tendo moja linaloonekana mezani

Keti na kamati yako na muulizane ni tendo gani la mrina, likibadilika, litabadilisha bei. Kwa asali ya Tabora jibu karibu kila mara ni lilelile: kurina masega yaliyokomaa pekee, yaani yale ambayo nyuki wameyafunga kwa nta sehemu kubwa ya uso wake. Asali ya sega lililofungwa kwa kawaida huwa na unyevu chini ya asilimia 20, ambacho ndicho kikomo cha jumla katika viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius, na unyevu ukipanda juu ya hapo hamira zilizomo ndani ya asali hupata nafasi ya kufanya kazi na asali huchacha.

Tendo linalofaa kutuzwa lina sifa tatu. Liwe mikononi mwa mwanachama mwenyewe, lipimike palepale anapokabidhi mzigo, na kipimo chake kiwe kile ambacho watu wawili wasioelewana watakisoma sawa. Ndiyo maana wingi wa kilo haufai: kilo hutegemea mvua, hutegemea kama miti ya mtundu na muba imechanua vizuri, na hutegemea idadi ya mizinga ambayo mtu alirithi kwa baba yake. Bidii na ushirikiano navyo havifai, kwa kuwa hakuna mizani yake, na pasipo mizani zawadi humwendea anayependwa.

Angalizo: kamati nyingi hutaka kuongeza tendo la pili na la tatu, kama kuhudhuria mikutano na kupanda miti. Yote ni mema, ila yawekeni kwenye mpango mwingine. Mwanachama akitakiwa kukumbuka masharti matano atakumbuka lile lililo rahisi kwake.

Hatua imekamilika pale ambapo mjumbe yeyote wa kamati anaweza kulitaja tendo hilo kwa sentensi moja.

## Hatua ya 2: Pima hali ilivyo kabla ya kutangaza lolote

Kwa mapokezi ya kwanza ya msimu, au kwa asali iliyobaki stoo, pima kila ndoo na uandike unyevu wake bila kumweleza mtu kwamba kuna zawadi inakuja. Lengo ni kujua leo ni sehemu gani ya asali yenu inayofikia kiwango. Bila takwimu hiyo hamtajua kama nyongeza imebadilisha chochote au mmewalipa watu kwa jambo ambalo walikuwa wakilifanya tangu zamani.

Namna ya kupima iwe moja kwa kila ndoo. Asali yenye maji mengi ni nyepesi na hupanda juu, kwa hiyo koroga kwa mwiko mkavu kutoka chini kabla ya kuchota. Weka matone mawili au matatu kwenye kioo, funga kifuniko chake, subiri kama nusu dakika ili joto lilingane, kisha elekeza kifaa kwenye mwanga na usome pale mstari wa kivuli unapokata namba. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kwa kikavu. Tone la maji lililobaki pembeni ya kioo linaweza kumnyima mtu haki yake. Asali iliyoganda nayo haisomeki vizuri; itenge, iyeyushwe taratibu kwa joto la vuguvugu, ndipo ipimwe.

Mkikuta kwamba ndoo tisa katika kumi tayari zimefikia kiwango, mpango huu hauwahusu. Tatizo lenu liko kwenye soko au kwenye uhifadhi.

## Hatua ya 3: Ondoa vikwazo kwanza

Hatua hii huonekana ya kuchelewesha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mrina ambaye hana bomba la moshi wala vazi la kinga hurina usiku kwa mwenge wa moto, na gizani, nyuki wakiwa wamechafuka, hakuna anayegeuza sega kuangalia limefungwa kiasi gani. Anakata alichokishika, anashuka mtini. Mtu huyo ukimwahidi nyongeza ya elfu kumi kwa kilo bado ataleta asali mbichi iliyochanganyika na majana, yaani watoto wa nyuki, na harufu ya moshi, kwa sababu kinachokosekana kwake ni uwezo wa kuona anachokata.

Ushahidi wa jambo hili upo hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti katika shule za msingi 350 za Tanzania, ambapo baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya vifaa, nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu, na nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za wanafunzi. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopiga hatua kubwa, kubwa kuliko hata ukijumlisha matokeo ya vile viwili vikiwa kila kimoja peke yake.

Kwa kikundi cha asali maana yake ni hii: kabla ya kutangaza nyongeza, kila kundi la warina wanaokwenda porini pamoja liwe na bomba la moshi walau moja, mavazi mawili, ndoo safi zenye vifuniko, na siku moja ya mafunzo ya kutambua sega lililokomaa. Ofisa nyuki wa wilaya anaweza kuyatoa, na Tabora ina bahati ya kuwa na Chuo cha Mafunzo ya Ufugaji Nyuki mlangoni. Mafunzo hayo yafanyike kwa masega halisi yaliyowekwa mezani, lililofungwa kando ya lililo wazi, kila mmoja ayashike na kuonja. Wenye mizinga ya magome waonyeshwe namna ya kutoa masega ya asali na kuacha yenye majana, kwa kuwa kundi la nyuki lililovunjwa mwaka huu halitakuwa na kitu cha kupima mwakani.

Ndoo zilizowahi kubeba viuatilifu au mafuta ya taa zisiingie mlangoni, hata zikiwa zimesafishwa kwa kiasi gani. Katika vijiji ambavyo tumbaku na asali huishi nyumba moja, angalizo hili lirudiwe kila mkutano.

## Hatua ya 4: Amua aina na kiasi cha nyongeza

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni mashindano: mshindi mmoja au watatu wanapewa. Ya pili ni kizingiti: kila anayefikia kiwango anapewa. Mashindano yanapendwa kwa sababu gharama yake inajulikana mapema na sherehe yake hunoga, lakini katika kikundi ambacho mmoja ana mizinga 80 na mwingine ana mizinga 8, wanachama wengi wanajua tangu siku ya kwanza kwamba baiskeli ile si yao, hivyo hawabadilishi chochote. Chagueni kizingiti. Mwenye ndoo moja anayeileta ikiwa safi alipwe kwa kanuni ileile ya mwenye ndoo arobaini.

Wakulima wa Tabora hawahitaji kufundishwa wazo hili. Aliyewahi kukaa sokoni akimtazama mteuzi akipanga madaraja ya tumbaku yake anajua kwamba bidhaa moja inaweza kuwa na bei nyingi, na anajua pia machungu ya kupangiwa daraja bila kuelezwa sababu. Mpango wenu uchukue lile la kwanza na uepuke la pili.

Kiasi cha nyongeza kitoke kwenye tofauti ya bei ya mnunuzi. Tuchukulie mfano wa kikundi cha wanachama 30 kinachotarajia kilo 3,000. Mnunuzi analipa shilingi 7,000 kwa kilo ya daraja la kwanza na shilingi 5,000 kwa asali ya kawaida, na kikundi kinaamua kumrudishia mwanachama nusu ya tofauti hiyo, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Kilo 2,000 zikifikia kiwango, tofauti ya bei italeta shilingi 4,000,000. Toa nyongeza za wanachama 2,000,000. Toa kipima unyevu 150,000, ndoo 60 kwa 12,000 kila moja, ambazo ni 720,000, na malipo ya mpokeaji na msaidizi 300,000. Zinabaki shilingi 830,000 za kikundi.

Sasa fanya hesabu ya upande mbaya, ambayo kamati nyingi huiogopa. Zikifikia kiwango kilo 500 tu, tofauti ya bei ni shilingi 1,000,000, nyongeza ni 500,000, vifaa na malipo vinabaki 1,170,000, na kikundi kina pengo la shilingi 670,000. Pengo hilo si balaa, kwa kuwa ndoo na kipimo vitatumika misimu mingine, lakini ni lazima lijulikane na lipate pa kuzibwa kabla ya tangazo. Weka namba za bei yenu halisi kwenye kanuni hiyohiyo na uisome mbele ya kamati nzima.

Mtu atapendekeza faini badala ya nyongeza: anayeleta asali ya maji akatwe. Pendekezo hilo lina mvuto kwa kuwa halihitaji fedha mkononi. Hata hivyo, faini ndogo mara nyingi hugeuka kuwa bei ya ruhusa. Katika shule za chekechea sita kati ya 10 zilizochunguzwa mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi waliokuwa wakichelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini, idadi ya wanaochelewa iliongezeka hadi karibu maradufu, na haikushuka hata faini ilipoondolewa. Mwanachama akikatwa shilingi 200 kwa kilo ataona kwamba amelipia haki ya kuleta asali mbichi, na aibu iliyokuwa ikimzuia itakuwa imekwisha. Asali iliyo juu ya kizingiti ipokelewe kwa bei ya kawaida, au irudishwe kabisa kama imeanza kuchacha, bila faini.

## Hatua ya 5: Andika kifungu, na uchague kitenzi kwa makini

Hapa ndipo migogoro mingi huzaliwa, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumpa mtu kitu ili atende au kwa kuwa ametenda, na kila kimoja kinaahidi jambo tofauti. Katibu anayevichanganya kwenye muhtasari anaandaa kesi ya mwezi wa nane.

Kuhamasisha na kutia moyo ni kazi ya maneno. Kifungu kinachosema kikundi "kitawahamasisha wanachama kuleta asali bora" hakimdai mtu senti moja, na fungu la bajeti lenye jina hilo kwa kawaida huishia kwenye posho za semina.

Kutuza ni kumheshimu mtu hadharani kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Mwimbaji hutuzwa akiwa jukwaani, kila mtu akitoa alichojaliwa, na mcheza kwao hutunzwa bila kuwa ameahidiwa. Uzuri wake ndio udhaifu wake kwenye katiba: kiasi na wakati viko mikononi mwa mtoaji. Isitoshe, umbo kutunza lina maana mbili, na kifungu cha "fedha za kutunza wanachama" kinaweza kusomwa na mkaguzi kuwa ni fedha za matunzo.

Kuzawadia kunataja kitu kinachotolewa, lakini bado ni hiari. Anayezawadiwa anashukuru; hana msingi wa kudai.

Kupa motisha, au kutia motisha, kunataja nia ya kutoa: unampa ili aendelee au abadilike. Ni neno zuri la kichwa cha mpango. Mazungumzoni siku hizi husikika hata *kumotisha*, nami sina ugomvi nalo likiwa kijiweni, ila lisiingie kwenye kifungu. Tena nia si sharti; kifungu kinachosema "wanachama watapewa motisha" hakijasema nani, nini, lini wala kwa kipimo gani.

Kulipa nyongeza ndiko kunakofunga pande zote mbili. Kinacholipwa ni deni, na deni lina kiasi, siku na ushahidi. Tumieni kitenzi hiki kwenye kifungu chenyewe, mkiandika hivi:

*Mwanachama atakayekabidhi asali yenye unyevu usiozidi asilimia 19, isiyo na majana, harufu ya moshi wala dalili ya kuchacha, atalipwa nyongeza ya shilingi 1,000 kwa kila kilo, siku ileile ya kukabidhi, baada ya kipimo kusomwa na mpokeaji pamoja na mwanachama mwenyewe.*

Kizingiti kimewekwa asilimia 19 badala ya 20 ili kubaki na nafasi, kwani asali hufyonza unyevu wa hewa kila ndoo inapofunguliwa.

Kipo kitenzi kimoja zaidi ambacho lazima kiwekewe uzio. Kuhonga ni kumpa mwenye dhamana kitu ili apindishe wajibu wake, na chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 jina la upole halibadilishi kosa. Mwanachama anayempa mpokeaji "asante" ili 21 isomwe 19 hajamzawadia mtu. Andikeni wazi kwamba mpokeaji hapokei kitu chochote kutoka kwa mwenye mzigo, hata chupa ya asali ya mtoto, na kwamba yeye mwenyewe analipwa na kikundi kwa siku, wala si kwa idadi ya ndoo zilizofaulu.

## Hatua ya 6: Tangaza, kisha uliza

Isome kanuni kwenye mkutano mkuu kabla ya mavuno makuu yanayofuata kukatika kwa mvua. Ieleze kwa Kiswahili, na kwa Kinyamwezi au Kisukuma pale wazee wanapoelewa zaidi lugha hiyo. Halafu usiulize kama wameelewa, kwa kuwa mkutano mzima utaitikia ndiyo. Mwombe mwanachama mmoja wa nyuma aeleze: ukileta ndoo mbili, moja imesoma 18 na nyingine 20, utalipwaje? Akijibu sawasawa, uliza mwingine aliye mbali naye.

Tangazo lisifanyike karibu na uchaguzi wa viongozi wa kikundi. Nyongeza iliyotangazwa na mgombea itahesabika kuwa ni yake, na akishindwa mrithi wake atakuwa na kila sababu ya kuifuta.

## Hatua ya 7: Pima na ulipe mbele ya mwenye mzigo

Nguvu ya mpango wote iko kwenye dakika chache ambazo ndoo iko mezani. Malipo yanayokuja miezi mitatu baadaye pamoja na malipo mengine humfikia mtu akiwa amekwisha kusahau ni mzinga upi ulioleta nini. Yanayokuja papo hapo humfundisha.

Mapokezi yaliyo mazuri huenda hivi. Mzee anatua ndoo mbili kutoka kwenye baiskeli, na binti anayepokea anamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo yenye kamba nyekundu ni ya mizinga ya bondeni."

Binti anakoroga, anachota, anasubiri, anasoma, kisha anamkabidhi kifaa. "Hii nyingine imesoma 18, mzee. Ya bondeni imesoma 21 na nusu. Tazama mwenyewe."

Mzee anafumba jicho moja na kuelekea kwenye mwanga wa mlango. "Naona. Ya bondeni niliiwahi. Masega ya pembeni yalikuwa bado wazi."

Hakuna aliyemlaumu, na sababu ameitaja mwenyewe. Ndoo iliyosoma 18 inapimwa uzito, nyongeza inahesabiwa mkononi mwake, stakabadhi inaandikwa ikionyesha kilo, unyevu na fedha, naye anatia sahihi au dole gumba. Ndoo ya bondeni inapokelewa kwa bei ya kawaida na kuwekwa upande wake. Isichanganywe kamwe na nyingine, kwa kuwa ndoo moja ya maji hushusha pipa zima.

Ubao wa wazi wenye jumla ya kilo zilizofaulu kwa wiki unatosha kwa umma. Majina ya walioshindwa yasibandikwe. Anayeaibishwa hapeleki asali yake bora kwenye kikundi, anaiuza barabarani kwa chupa.

Ukiona wanachama wanaanza kuuliza kipimo hata kabla ya bei, hatua hii imeshika.

## Hatua ya 8: Tarajia ujanja

Ujanja utakuja, na si lazima uwe wa watu wabaya. Mwaka 1902 utawala wa Kifaransa mjini Hanoi ulilipa fedha kwa kila mkia wa panya uliowasilishwa, na baada ya muda mitaani wakaonekana panya wazima wasio na mikia, wameachwa waendelee kuzaana. Jiulizeni mapema mkia wenu wa panya ni upi.

Kwa mpango wa unyevu uko mmoja mkubwa: kuchemsha. Asali ikibandikwa jikoni maji hupungua na kipimo hufurahi, lakini joto huiharibu, huifanya nyeusi, huua harufu yake ya maua na huongeza kemikali ambayo maabara ya mnunuzi huitafuta mahsusi. Dalili zake ni rangi iliyokolea kuliko ya majirani waliorina msitu huohuo na ladha ya sukari iliyoungua. Mkishuku, pelekeni sampuli kwa mnunuzi kabla ya kuchanganya, na mweleze mwenye ndoo kwamba imesubirishwa kwa ajili ya kipimo.

Ujanja wa pili ni kukusanya asali ya wasio wanachama na kuileta kwa jina moja. Daftari la idadi ya mizinga ya kila mtu husaidia. Mwenye mizinga 10 akileta ndoo 15 aulizwe kwa heshima. Wa tatu ni wa mpokeaji, na dawa yake ni kila ndoo ya kumi kupimwa tena na mtu wa pili ambaye hajaona namba ya kwanza. Kipimo chenyewe kisawazishwe kila asubuhi ya mapokezi na jambo hilo liandikwe daftarini.

## Hatua ya 9: Pitia matokeo, kisha geuza nyongeza kuwa bei

Msimu ukiisha, linganisha sehemu ya asali iliyofikia kiwango na ile mliyoipata katika hatua ya pili. Ikiwa imepanda, angalia pia ni akina nani waliopanda. Mkikuta kwamba wote ni wale wenye mavazi na mabomba ya moshi, fedha za ziada za mwaka huu zinunue vifaa kwanza, kabla ya kuongeza kiasi cha nyongeza.

Ikiwa haijapanda, usikimbilie kuongeza fedha. Kagua kwanza kama nyongeza ililipwa siku ileile kila mara, kwa maana mara moja tu ya "njoo wiki ijayo" hutosha kuirudisha imani nyuma kwa msimu mzima. Halafu waulize warina watatu walioshindwa mara kwa mara ni nini kilichowazuia. Mara nyingi utasikia habari ya muda: mavuno ya asali yameangukia siku za kuuza tumbaku, na mtu amerina mapema ili awahi soko. Hapo tiba ni kupanga siku za mapokezi upya.

Nyongeza iliyofanikiwa kwa misimu miwili au mitatu haifai kukatwa ghafla, wala kuendelea kuitwa zawadi. Igeuzeni kuwa madaraja ya kudumu ya bei: asali ya daraja la kwanza ina bei yake na ya kawaida ina yake, na tofauti ile ya shilingi 1,000 inaingia ndani ya bei yenyewe. Tangazeni mabadiliko hayo msimu mmoja kabla, kwenye mkutano, mkiwa na jedwali linaloonyesha kwamba mwanachama anayeleta ndoo ileile atapata jumla ileile. Kifungu cha nyongeza kifutwe kwa azimio la mkutano mkuu, na siku hiyohiyo kifungu cha bei kiandikwe mahali pake, ili pasipite hata siku moja ya mapokezi ambayo asali iliyokomaa na asali mbichi zinalipwa sawa.